Kabla ya Kusasisha, Tujue Kilicho Chetu

Likizo kubwa iliyopita, nikiwa Yahuma, nilikaribia kupoteza kazi ya miaka miwili kwa kubonyeza kitufe kimoja. Kazi yenyewe ni maneno: orodha ya maneno zaidi ya elfu moja ya Longandu, lugha ya upande wa mama yangu, pamoja na hadithi kumi na nne alizonisimulia koko wangu, mama mzaa mama, jioni baada ya jioni, nami nikiandika. Kitufe kilikuwa cha kusasisha kompyuta. Nayaandika haya katika jarida letu kwa sababu naamini kosa lile si langu peke yangu. Kitivo chetu kinalifanya kila mwaka, kimya kimya, na hatutagundua hasara yake mpaka siku tutakapofungua faili na kukuta halisomeki.

Kompyuta ninayoizungumzia ni ya mjomba wangu, mwalimu wa shule ya msingi. Ni ya zamani, ya zile za biti 32, ina kumbukumbu ya gigabaiti moja, na diski yake kuu ilikufa kabla sijaingia chuo. Fundi wa mjini aliikagua akasema iuzwe vipuri. Yaya mmoja aliyenitangulia masomoni akanipa CD iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito, akasema: "Achana na diski, mdogo wangu. Tia hii, washa." Nikatia, nikawasha, na mashini iliyohukumiwa kifo ikafungua ukurasa wa kuandikia.

Kwa wasioijua habari hii, niieleze kwa ufupi. Mfumo wa Linux unaweza kuwashwa moja kwa moja kutoka kwenye CD bila kuwekwa kwenye diski ya kompyuta. Mjerumani Klaus Knopper aliusambaza sana mtindo huu kwa Knoppix yake kuanzia mwaka 2000. Baadaye wakaja waliotaka wepesi zaidi. John Andrews wa Marekani alitengeneza Damn Small Linux na kujiwekea sharti kwamba mfumo mzima usizidi megabaiti 50, uingie hata kwenye kile kisahani kidogo cha ukubwa wa kadi ya jina. Mwaka 2003 Barry Kauler wa Australia alitoa Puppy Linux, na huo ndio niliopewa na yaya yule, katika toleo la 2019 lililojengwa kwa vipande vya Ubuntu 18.04.

Puppy inapowaka hujinakili yote kwenye kumbukumbu ya muda, ndiyo maana hata mashini dhaifu hupata mwendo. CD yenyewe haiandikwi kitu, hubaki kama ilivyochomwa. Unapozima mara ya kwanza, inakuuliza: nikuhifadhie ulichofanya? Ukikubali, huunda faili moja kubwa, kwa mfano kwenye flashi yako, na kutia humo kila ulichobadilisha. Siku ya pili hulichukua faili hilo na kulitandika juu ya mfumo uliotoka kwenye CD. Tuliosoma shule zenye ramani moja ya Kongo ukutani tunaujua utaratibu huu: mwalimu alikuwa akifunika ramani kwa nailoni angavu, anachora mito na reli juu ya nailoni, na ramani ya chini haiguswi. Anayetazama huona picha moja tu, ingawa tabaka ni mbili.

Mambo yalikwenda vizuri kwa miaka miwili. Nilifanya humo orodha yangu, nikasikiliza rekodi, nikapima toni kwa Praat, programu ya bure ya Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam ambayo wengi wetu tunaijua kutoka kwenye somo la fonetiki. Kisha uzee ukaanza kuonekana. Nikiwa Kisangani, tovuti zilianza kukikataa kivinjari changu cha 2019. Nikaamua kusasisha. Katika duka la intaneti nilipakua toleo jipya la Puppy la biti 32, lililojengwa juu ya Debian 12, nikalichoma kwenye sahani. Nikashuka mto hadi Isangi, kisha pikipiki mpaka Yahuma, sahani ikiwa katikati ya daftari ili isikwaruzike.

Usiku wa kwanza, paneli ya jua ya mjomba ikiwa imeshiba, nikaiwasha. Puppy mpya ikaliona faili langu la akiba kwenye flashi, ikatambua kuwa ni la toleo la zamani, ikaniambia italisasisha lilingane na toleo jipya, je, niendelee? Nikaendelea. Nakala ya akiba sikuwa nayo. Skrini ikawa nyeusi, na juu yake mstari mmoja wa herufi nyeupe ukisubiri amri nisiyoijua. Nikazima, nikarudisha CD ya zamani, nayo ikagoma, kwa maana faili lilikuwa tayari limeguswa. Mjomba alikuwa amesimama nyuma yangu na taa. "Mtoto wa dada," aliuliza, "maneno ya mama yako mkubwa yako wapi?" Sikuwa na jibu.

Sababu niliielewa baada ya siku mbili. Yahuma hakuna wa kumuuliza, nikasoma maelezo ya msaada yaliyomo kwenye sahani yenyewe mstari kwa mstari. Katika miaka miwili ile nilikuwa nimeongeza programu nyingi, na kila moja ilikuja na vipande vyake vya Ubuntu. Vyote vilikaa kwenye tabaka la juu pamoja na hadithi za koko. Nilipobadilisha tabaka la chini likawa la Debian, vipande vile vya zamani vilivifunika vile vipya, na mfumo ukawa kama mtu aliyevaa viatu viwili visivyo jozi. Toleo la ukoo mmoja mara nyingi hupokea faili la akiba la mtangulizi wake bila shida. Ukihama kutoka ukoo mmoja kwenda mwingine, usilibebe.

Dawa ilikuwa rahisi kuliko ugonjwa. Puppy huweza kuwashwa kwa neno `pfix=ram`, yaani anza upya kabisa, usitazame faili lolote la akiba. Nilifanya hivyo, ikawaka safi. Kisha nikalifungua faili la akiba kama mtu afunguavyo sanduku, nikachagua hati zangu na rekodi zangu tu, nikazinakili kwenye flashi nyingine, na programu za zamani nikaziacha humo humo. Nilikuwa nimefanya kwa siku mbili kile nilichopaswa kukifanya kwa dakika tano kabla ya kuanza: kutenganisha kilicho cha mfumo na kilicho changu.

Ningeishia hapo ningekuwa nimewaandikia maelekezo ya ufundi, na hilo si jambo la jarida la lugha. Lililonifanya niandike lilitokea nilipoifungua orodha ya maneno.

Nusu ya orodha ile nilikuwa nimeirithi. Ilitoka kwenye TFC ya zamani, iliyopigwa kwa fonti ya miaka ya 1990, enzi ambazo anayetaka kuandika ɛ au ɔ alilazimika kutumia fonti iliyochorwa upya: namba ambayo kompyuta inaijua kuwa ya herufi nyingine, fonti inaichorea ɛ. Mradi fonti hiyo ipo, jicho linaona ɛ. Ikikosekana, kompyuta inaonyesha inachokijua, yaani takataka. Fonti ile ilikuwa mojawapo ya vitu nilivyoviacha katika tabaka la zamani. Kwa hiyo maneno ya koko yalikuwa mbele yangu, yamehesabiwa yote, na hayasomeki.

Niliirudisha fonti, nikaanza kuhamisha kila neno kwenye Unicode, ambamo ɛ ina namba yake yenyewe, U+025B, na ɔ ina yake, U+0254, na alama ya toni ya juu hukaa juu ya herufi kwa namba yake, U+0301. Namba hizo ni zilezile Kisangani, Dar es Salaam na Amsterdam, kwa fonti yoyote yenye herufi hizo. Irabu zilirudi salama. Alama za toni hazikurudi zote. Katika fonti ya zamani zilikuwa zimekaa kwenye namba ambazo programu mpya iliziruka bila kunionya. Maneno zaidi ya mia mbili yakabaki uchi.

Hapa sihitaji kuwaeleza wasomaji wa jarida hili maana ya toni. Tunaishi ng'ambo chache tu kutoka Yakusu, alikoishi John Carrington, aliyekuja baadaye kufundisha katika chuo hiki hiki na ambaye mwaka 1949 alichapisha kitabu chake kuhusu ngoma zinazozungumza za Walokele. Mfano wake tunaujua tangu mwaka wa kwanza: katika Kilokele neno *lisaka* huweza kuwa dimbwi, ahadi au sumu, kutegemea toni tu. Orodha ya maneno isiyo na toni katika lugha zetu za kanda ya C ni orodha inayokuambia kwamba mtu alikupa ama ahadi ama sumu, uchague mwenyewe.

Nikamrudia koko. Siku tisa, asubuhi kabla ya jua kali, nilimsomea maneno yale mia mbili kwa toni zote nilizoweza kuzikisia, naye akichagua. Mengine alicheka mpaka akafuta machozi kwa sababu ya nilichokuwa nimekisema. Mengine alinyamaza, akasema neno hilo hajalisikia tangu dada zake wafariki, kisha akalitamka mara moja, polepole. Yote yalirudi. Lakini nilipokuwa nikiandika nilijua kwamba dawa hii haimo kwenye CD yoyote. Ilikuwepo kwa sababu koko yupo. TFC ngapi za kitivo chetu zimeandikwa na watu waliokwisha kuondoka, juu ya wasimulizi waliokwisha kuzikwa, kwa fonti ambazo hakuna tena mwenye nazo? Hilo ndilo kosa letu la pamoja niliyelitaja mwanzoni. Kila tunapobadilisha mashini, tunabeba tusichokijua na kuacha tusichokijua.

Najua baadhi ya walimu wetu watasema: dawa ni kununua kompyuta mpya. Nazitaka kompyuta mpya kama mwanafunzi yeyote. Ila tutazame mwelekeo. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa Windows 10, na Windows 11 inadai gigabaiti 4 za kumbukumbu, gigabaiti 64 za nafasi na kipande cha usalama cha TPM 2.0. Kompyuta nyingi ninazoziona mikononi mwa wanafunzi wenzangu hazifikii sharti hilo la mwisho. Hata upande wa Linux njia inazidi kuwa nyembamba: Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha mashini za biti 32. Na Damn Small Linux, iliyojivunia megabaiti 50, ilipofufuliwa mwaka 2024 ilikuja na ukubwa wa kujaza CD nzima ya megabaiti 700. Wepesi wenyewe umenenepa mara kumi na nne. Kwa hiyo sisemi mashini ya mjomba itaishi milele. Nasema kwamba ya mjomba itakufa na ya mpya pia itakufa, na swali la kitivo cha lugha ni kama maneno yatakufa nayo.

Wengine watasema: siku hizi kila kitu kiko kwenye simu. Simu ni rafiki mzuri wa kurekodi, mimi mwenyewe natumia. Ila jaribu kugawanya hadithi ya dakika arobaini sentensi kwa sentensi kwa kidole, uweke toni juu ya kila irabu, huku simu hiyohiyo ikiwa ndiyo taa ya nyumba na ndiyo inayosubiri zamu ya paneli. Na wale wanaosema tuweke kila kitu kwenye wingu la intaneti waje kwanza Yahuma watafute mtandao.

Kuna na fundisho kutoka kwa jirani. Mwishoni mwa 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Ilikuwa kazi ya heshima, na sisi wa lugha za Kiafrika tunapaswa kuikumbuka. Lakini tafsiri ile ilifungwa kwenye toleo la wakati ule. Programu ikaendelea kukua, mwaka 2010 ikazaa LibreOffice, na kila toleo likaja na maneno mapya yanayongoja mtafsiri. Lugha nayo husasishwa, na isiposasishwa hubaki kwenye CD ya zamani ambayo hakuna anayeiwasha. Kiswahili chenyewe kimelionyesha hilo vizuri: *kusasisha* ni kukifanya kitu kiwe cha *sasa*. Hakikusema kukitupa cha jana.

Napendekeza mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili.

La kwanza, kitivo kiwe na sahani yake ya uwanjani. Puppy ina chombo chake cha kutengenezea sahani mpya kutoka kwenye mfumo uliokwisha kuupanga. Tupange mmoja: mpangilio wa kibodi wenye ɛ, ɔ, ŋ na alama za toni, fonti za Unicode kama Charis SIL na Gentium, Praat, na programu ya kuandikia. Kila mwaka wanafunzi wawili waijenge upya juu ya toleo jipya, waijaribu kwenye mashini mbovu kuliko zote tulizo nazo, na sahani ya mwaka uliopita ihifadhiwe kabatini, isitupwe. Waliowahi kurudi nyuma wakakuta mlango umefungwa wataelewa kwa nini.

La pili, kazi isikae kamwe ndani ya faili la akiba la mfumo. Mfumo uwe na flashi yake, hati na rekodi ziwe na flashi yake, na nakala ya pili ibaki kwingine. Kabla ya kusasisha chochote, faili la akiba linakiliwe kwanza, na toleo jipya liwashwe mara ya kwanza bila faili hilo. Likisimama vizuri, ndipo ulete vyako, kimoja kimoja.

La tatu, na hili nawaomba walimu wetu kwa heshima: TFC yoyote yenye data za lugha isipokelewe kwa karatasi peke yake. Ije na maneno na matini katika Unicode, kwenye faili la maandishi matupu linalofunguka popote, pamoja na ukurasa mmoja unaoeleza kila alama iliyotumika. Na zile za zamani zilizoko makabatini tuanze kuzihamisha sasa, tukianza na zile ambazo wasimulizi wake bado wako hai. Hilo la mwisho lina saa inayokwenda, na hatujui imebaki mingapi.

Siku ya kuondoka Yahuma koko aliniuliza kwa lugha yake kama maneno yake sasa yamekaa vizuri kwenye mashini. Nikamwambia yamekaa mahali pawili, na la tatu ni daftari nililomwachia mjomba, lililoandikwa kwa mkono, toni zote zikiwa juu. Akasema daftari ndilo analoliamini. Sikumbishia.

Sahani ya kwanza nimekwisha kuichoma. Anayekwenda uwanjani likizo ijayo anitafute mbele ya kitivo baada ya vipindi. Aje na flashi mbili.